Athari za Wanyama Wawindaji katika Mienendo ya Makundi ya Tumbili, Nyani na Mbega

Athari ya mnyama mwindaji kwa tumbili, nyani na mbega haipimwi kwa idadi ya wanaouawa pekee. Wanaobaki hai nao hubadili mahali pa kulala, njia za kupita na namna ya kukaa pamoja. Makala haya yanafafanua kwamba mabadiliko hayo hutegemea aina ya adui, kwa kuwa kinga dhidi ya adui mmoja yaweza kuwa udhaifu mbele ya mwingine.

Mfano wa kwanza ni wa Amboseli, Kenya. Mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha tumbili milio ya tahadhari iliyorekodiwa. Waliposikia mlio wa chui, tumbili waliokuwa ardhini walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu au kujificha vichakani. Kwa mlio wa nyoka, walikagua ardhi. Kundi, basi, humlinda tumbili kwa wingi wake na pia kwa kumjulisha ni adui gani anayekuja.

Huko Gombe, mkoani Kigoma, sokwe huwinda mbega wekundu. Kwa kuwa sokwe hupanda miti, mti pekee si kimbilio. Mbega madume hulazimika kukabiliana naye. Utafiti wa Craig Stanford ulionesha kwamba sokwe hufanikiwa zaidi kadiri wawindaji wanavyoongezeka. Wingi, kwa hiyo, hushindana na wingi.

Wakati nao una uzito. Huko Laikipia, Kenya, Lynne Isbell na wenzake walifuatilia wanyama kwa kola za GPS na mwaka 2018 wakabainisha kwamba chui aliwawinda tumbili hasa mchana, lakini nyani hasa usiku. Mchana nyani huweza kumgeukia chui kwa pamoja. Gizani nguvu hiyo hupungua. Ndiyo sababu uchaguzi wa malazi huongoza safari za kundi za kutwa nzima.

Suala hili linamgusa pia mkulima. Nchini Ghana, kupungua kwa simba na chui kuliambatana na kuongezeka kwa nyani na uharibifu wa mazao. Katika mkoa wa Ruvuma unaotegemea mahindi, kuanzia viunga vya Songea kama Mfaranyaki hadi vijiji vinavyopakana na misitu, hifadhi ya chui haipaswi kutenganishwa na ulinzi wa mashamba.