Kabla ya Kununua Kitabu cha GMAT, Tazama Mwaka Wake

Mlaji aliyepunjwa kilo ya sukari hugundua hasara yake siku hiyohiyo, mradi apate mizani. Aliyeuziwa kitabu cha mtihani kilichopitwa na wakati hana mizani ya kupimia. Hugundua akiwa ameketi mbele ya kompyuta, ada imekwisha kulipwa, nauli imekwisha kutumika, na miezi ya kukesha hairudi tena. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuzungumzia bidhaa ambayo wengi hawaihesabu kuwa bidhaa, yaani vitabu na mafunzo ya kujiandaa na GMAT, mtihani unaotumiwa na shule kuu nyingi za biashara duniani kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili.

Tuchukue mfano wa mhitimu wa chuo kikuu anayeishi kata ya Nkende, Tarime, mwenye ajira huko Nyamongo na nia ya kusoma MBA ng'ambo. Mjini Tarime hapati duka lenye rafu ya vitabu vya aina hii. Hubakiwa na njia tatu: kuagiza Nairobi, mzigo ukapitia Sirari, kununua kitabu kilichotumika kutoka kwa mtu aliyekwisha kufanya mtihani, au kununua nakala laini katika kundi la WhatsApp kwa malipo ya simu. Kila njia ina mtego wake, lakini mkubwa kuliko yote ni mmoja, nao ni mwaka wa kitabu.

Kwanza, hata hivyo, mhitimu huyo ajiulize kama anauhitaji mtihani wenyewe. Programu nyingi za MBA nchini hutazama shahada ya kwanza na kiwango cha ufaulu, wala hazidai GMAT. Vyuo vingi vya nje vinavyodai mtihani hupokea pia GRE, ambao una vitabu vyake na mtindo wake wa maswali. Tangazo la udahili la chuo unachokusudia ndilo litakalokuonyesha mtihani upi unatakiwa. Lisome kabla ya kutoa hata shilingi. Si mara moja mlaji kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Sasa tuje kwenye mwaka. Mwezi Novemba 2023, baraza linalomiliki mtihani huu, GMAC la Marekani, lilianzisha muundo mpya, na ule wa zamani ukafungwa mwishoni mwa Januari 2024. Haya hayakuwa marekebisho ya jalada. Insha iliondolewa. Maswali ya kusahihisha sentensi, ambayo yalichukua sehemu kubwa ya vitabu vya zamani, yaliondolewa. Jiometria iliondolewa katika hesabu. Mtihani wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu yenye maswali 21, ufahamu na upimaji wa hoja wenye maswali 23, na uchambuzi wa takwimu wenye maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Kikokotoo cha kwenye skrini huruhusiwa katika sehemu ya takwimu peke yake. Mtahiniwa anaweza kurudi nyuma na kubadili majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu, jambo ambalo zamani halikuruhusiwa kabisa.

Fikiria basi mtu aliyetumia miezi miwili kukariri kanuni za kusahihisha sentensi na kuchora pembetatu. Kitabu chake hakikuwa na uongo ndani yake. Kilieleza kwa usahihi mtihani ambao haupo tena. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuuzia kwa moyo mweupe kabisa, naye pia hajui.

Mbinu ya kukitambua ni nyepesi, nayo haihitaji ujuzi wa hesabu. Fungua yaliyomo. Ukikuta sura ya insha, au sura ya kusahihisha sentensi, kitabu hicho ni cha muundo wa zamani, hata kama jalada linang'aa. Kisha tazama alama. Zamani zilianzia 200 hadi 800 na ziliishia na sifuri. Sasa zinaanzia 205 hadi 805, na kila alama ya jumla huishia na tarakimu 5. Kwa hiyo tangazo linalokuahidi alama 700 katika mtihani wa leo linakuahidi alama isiyoweza kutolewa. Ifahamike pia kwamba vipimo hivi viwili havilingani tarakimu kwa tarakimu: 645 ya sasa hukaribia uzito wa 700 ya zamani. Asiyejua hili huweza kuvunjika moyo bure, au kushawishiwa kulipia masomo ya ziada asiyoyahitaji.

Hatusemi kwamba kitabu cha zamani kitupwe. Mazoezi ya aljebra, asilimia na uwiano, pamoja na ufahamu na upimaji wa hoja, bado yanafaa, na kwa mwenye kipato kidogo kitabu kilichotumika ni ununuzi wa busara. Ila kinunuliwe kwa bei ya kitabu kilichotumika, na mnunuzi ajue ni sura zipi azirukie. Ajue pia kwamba mwongozo rasmi huja na namba ya kufungulia maswali zaidi kwenye mtandao, na namba hiyo ikishatumiwa na mwenye kitabu wa kwanza, haitamfaa wa pili. Bei ya kitabu kipya imebeba thamani ya namba hiyo, basi usiilipe kwa kitabu kilichokwisha kufunguliwa.

Nakala zilizodurufiwa na nakala laini zinazozunguka kwenye simu zina matatizo mawili. Kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 hairuhusu kazi ya mtu kunakiliwa na kuuzwa bila idhini yake. Kimatumizi, nakala hizi mara nyingi hazijakamilika. Kurasa za maelezo ya majibu hukatwa ili kupunguza gharama, nazo ndizo zinazofundisha. Jibu tupu la "C" halimfundishi mtu kitu. Chati za rangi zikidurufiwa kwa wino mweusi hugeuka kiza, na katika sehemu ya takwimu chati ndiyo swali lenyewe.

Hatari zaidi ni anayejigamba kuwa na maswali halisi yaliyotoka chumba cha mtihani. Akisema uongo, amekutapeli. Akisema kweli, amekuingiza katika kosa lake. Mwaka 2008 mahakama nchini Marekani iliamuru tovuti moja iliyouza maswali ya aina hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 2, na GMAC ikafuta alama za watahiniwa waliohusika na kuviarifu vyuo. Hapo aliyeumia ni mlaji, hata yule aliyekwisha kupokelewa chuoni.

Vyema basi uanze na vitu visivyo na bei. Tovuti ya GMAC, mba.com, hutoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio, na mtengenezaji wake ndiye mtengenezaji wa mtihani wenyewe. Fanya mmoja kabla ya kununua chochote, siku ambayo una kompyuta na mtandao usiokatika, ukizingatia muda kama siku ya mtihani. Matokeo yatakuonyesha unapopungukiwa. Anayekosa hesabu za msingi anaweza kujifunza bure kupitia Khan Academy. Anayekosa mazoezi ya takwimu anunue kitabu cha takwimu, asinunue seti nzima. Mtihani wa pili uuweke hadi wiki chache kabla ya siku yenyewe. Usikubali kuharakishwa na "ofa inaisha leo": alama za GMAT hudumu miaka 5, na vyuo hudahili kila mwaka.

Bajeti yako isiishie kwenye vitabu. Ada ya mtihani huzidi dola 200 za Marekani. Kwa mkazi wa Tarime, Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam, lakini anayefanya mtihani nje ya nchi yake hudaiwa pasipoti. Gharama hizi ziandikwe kwanza, kisha kinachobaki ndicho kiende kwenye vitabu.

Kuhusu kozi zinazotoa "uhakika wa kufaulu", dai masharti ya uhakika huo kwa maandishi: unarudishiwa fedha au unarudia masomo tu, na ndani ya muda gani? Mwalimu mzuri ataeleza atakachofundisha. Alama yako hawezi kuiahidi.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kusema uongo kuhusu ubora wa bidhaa au kuiita mpya wakati si mpya. Ili sheria ikusaidie, uwe na ushahidi. Dai risiti, na iandikwe jina la kitabu, toleo na mwaka, si neno "kitabu" peke yake. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu na uthibitisho wa malipo. Mrudie kwanza muuzaji na umweleze kasoro. Wengi hubadilisha bidhaa bila ubishi. Akikataa, wasilisha malalamiko yako kwa Tume pamoja na vielelezo hivyo. Wakazi wa Mara wanaweza kufika ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza. Ikiwa ulinunua kwa muuzaji aliyeko Kenya, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka za huko, na kwa hiyo ni afadhali ukikague kitabu, kuanzia yaliyomo hadi kurasa za majibu, kabla hakijavuka mpaka.