Je, Wajua Kompyuta Kubwa Hupozwa kwa Maji Vuguvugu?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva huishia kuwa joto. Seva haiinui mzigo wala haisukumi gari. Kazi yake ni hesabu, na kila transista inapowashwa na kuzimwa, umeme uliotumika huacha joto ndani ya chipu. Nishati haiangamizwi, kwa hiyo kupoza seva maana yake ni kulihamisha joto hilo, tena upesi, kutoka kwenye chipu hadi nje ya jengo. Chipu ikichelewa kupozwa hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi hujizima.

Kwa miongo kadhaa hewa imetosha kwa kazi hiyo. Kipande cha chuma chenye mapezi hukaa juu ya chipu, feni huvuta hewa baridi mbele ya seva na kuitoa nyuma ikiwa moto. Lakini chipu zimekua kwa nguvu kuliko feni. Chipu ya H100 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotangazwa mwaka 2022 kwa ajili ya kazi za akili mnemba, inaweza kutumia hadi wati 700, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 814, ambacho hakifiki sentimita 3 kwa 3. Mfumo wa GB200 NVL72 wa kampuni hiyohiyo hukusanya chipu 72 za kizazi kilichofuata katika kabati moja linalotumia takriban kilowati 120.

Hesabu ndogo inaonyesha ugumu wake. Ili kuondoa kilowati 120 kwa hewa inayoongezeka joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi, zinahitajika karibu lita 10,000 za hewa kila sekunde kwa kabati moja tu. Kwa maji yanayoongezeka joto kwa kiasi hichohicho, lita 3 kwa sekunde zinatosha. Lita ya maji hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko lita ya hewa, na maji hupitisha joto mara zaidi ya 20 kuliko hewa.

Wahandisi walilijua hilo mapema. Kompyuta kubwa za IBM zilipozwa kwa maji tangu miaka ya 1960. Mwaka 1985 ilitoka Cray-2, iliyobuniwa na Seymour Cray wa Marekani, ambayo saketi zake zilizamishwa zote katika kimiminika kisichopitisha umeme, na kimiminika hicho kilionekana kikizunguka ndani ya matangi angavu kando ya mashine. Katika miaka ya 1990 chipu za teknolojia mpya zilitumia umeme kidogo, na feni zikarudi. Sasa kimiminika kimerejea, safari hii kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo imeenea zaidi, ni bamba la kupozea. Hili ni bamba la shaba linalobanwa juu ya chipu, na kati yake na chipu hupakwa tabaka jembamba la dawa ya kupitisha joto. Ndani ya bamba kumechongwa mifereji mingi myembamba, mingine ikiwa na upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Wembamba huo una maana: huongeza eneo la shaba linaloguswa na maji, na hufanya joto lisafiri umbali mfupi sana kabla ya kuchukuliwa.

Wembamba huohuo huleta matatizo yake. Chembe ndogo ya uchafu inaweza kuziba mfereji, kwa hiyo maji huchujwa wakati wote. Mara nyingi huchanganywa na glaikoli ya propilini, kwa kiwango cha asilimia 25 hivi, ili bakteria wasiote ndani, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Maji haya safi hayatoki nje. Huzunguka kati ya seva na mtambo wa kubadilishana joto, na humo huyakabidhi joto maji ya mzunguko wa pili yanayoelekea kwenye vipoza vya nje bila kuchanganyika nayo. Mabomba huungwa na viungio vinavyojifunga vyenyewe seva inapochomolewa, na vihisi vya uvujaji hukaa chini ya kabati.

Ajabu kubwa ya njia hii ni kwamba maji hayahitaji kuwa baridi. Chipu nyingi hustahimili nyuzi 80 na zaidi, hivyo maji ya nyuzi 40 bado ni baridi mbele yake, mradi yafike karibu nayo. Kompyuta ya SuperMUC, iliyozinduliwa mwaka 2012 huko Garching karibu na Munich, Ujerumani, ilipozwa kwa maji yaliyoweza kuingia yakiwa na joto la hadi nyuzi 45. Maji yanayotoka yakiwa na joto zaidi ya hewa ya nje hupoa yenyewe kwenye vipoza vya feni, na mashine zenye kompresa, ambazo hula umeme mwingi, hazihitajiki. Kompyuta ya Frontier ya Oak Ridge, Marekani, ya kwanza kuthibitishwa rasmi kufikisha hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, hufuata kanuni hiyo: pampu nne husukuma zaidi ya lita 22,000 za maji vuguvugu kila dakika.

Njia ya pili ni kuzamisha seva nzima ndani ya tangi la kimiminika kisichopitisha umeme. Njia hii ina mifumo miwili. Katika mfumo wa kwanza hutumika mafuta maalumu ambayo hubaki kimiminika wakati wote, nayo husukumwa hadi kwenye mtambo wa kubadilishana joto. Feni huondolewa kabisa, na vijenzi vyote hupozwa, si chipu peke yake. Usumbufu wake ni fundi kulazimika kuinua seva inayochuruzika mafuta kila inapohitaji matengenezo.

Katika mfumo wa pili kimiminika huchemka chenyewe juu ya chipu, kwa kawaida kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Kuchemka humeza joto jingi. Mvuke hupanda, hugusa mabomba ya maji baridi juu ya tangi, kisha hudondoka tena kama jasho la mfuniko wa sufuria, bila pampu. Lakini vimiminika vingi vya aina hii ni kemikali zenye florini zisizooza kwa urahisi katika mazingira, na mwishoni mwa 2022 kampuni ya 3M, mtengenezaji wake mashuhuri, ilitangaza kuacha kuzitengeneza ifikapo mwisho wa 2025.

Joto lililokusanywa na maji lina faida ambayo joto la hewa halina kwa urahisi: linasafirishika kwa bomba. Katika mji wa Kajaani, Finland, joto la kompyuta ya LUMI hupandishwa kwa pampu za joto na kuingizwa kwenye mtandao wa kupasha nyumba, ambako hutosheleza karibu asilimia 20 ya mahitaji ya mwaka. Faida hiyo hupatikana pale tu penye mtumiaji wa karibu, kwa kuwa maji ya moto hupoteza thamani kadiri bomba linavyorefuka.