Nakshi za Miswada ya Kale na Upangaji wa Kurasa za Tovuti

Tunapowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Bukoba na Muleba, mara nyingi tunakuta ubao uliojaa maandishi toka pembe hata pembe. Mtoto huutazama asijue aanzie wapi, na mwalimu hudhani kuwa mtoto huyo ni mzito wa kusoma. Kosa hilo huonekana pia katika tovuti nyingi: rangi ni nyingi, picha ni nyingi, lakini njia haionekani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi miswada ya kale yenye nakshi inavyoweza kutusaidia kuwafundisha watoto, kwa njia ya mchezo, kupanga ukurasa unaoliongoza jicho la msomaji.

Mafunzo ya waandishi wa kale

Miswada ya namna hii haikutoka Ulaya peke yake. Kitabu cha Kells, kilichohifadhiwa Dublin, kilitengenezwa yapata mwaka 800. Lakini katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa nchini Ethiopia, zimo Injili zilizopambwa kwa picha, ambazo vipimo vya kaboni vimeonyesha kuwa ngozi zake ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Katika pwani ya Waswahili, mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakshiwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na ya manjano.

Nakshi hizo hazikuwa pambo tupu. Herufi kubwa iliyopambwa ilimwonyesha msomaji mahali pa kuanzia. Wino mwekundu ulitenganisha kichwa cha habari na maelezo yake. Alama za pambizoni katika msahafu huonyesha mwanzo wa juzuu. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, neno la kwanza la ukurasa unaofuata huandikwa chini ya ukurasa uliotangulia, ili kurasa zisipoteane. Mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipopendekeza huko Geneva mfumo wa kurasa za kompyuta zilizounganishwa, haja ilikuwa ile ile: kiungo humwelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine.

Zana

Shule isiyo na kompyuta isiliache somo hili, kwani ukurasa wa tovuti waweza kuchorwa kwanza katika karatasi. Tutahitaji karatasi, kalamu za matete, masizi, udongo mwekundu na unga wa manjano. Rangi tatu zatosha.

Hatua za somo

Kwanza, watoto wakae katika vikundi vya watano, kila kikundi kichague habari moja ya nyumbani: kahawa, migomba ya kibanjani, senene au uvuvi wa ziwani.

Pili, wachore herufi ya kwanza kubwa. Herufi S ya senene yaweza kuota mbawa na miguu. Waacheni watoto wacheke.

Tatu, waandike vichwa vya habari kwa rangi nyekundu, na maelezo kwa nyeusi. Pambizo wazipambe kwa manjano, ila waache nafasi tupu jicho lipumzike.

Nne, chini ya ukurasa waandike neno linaloelekeza kwenye ukurasa wa kikundi kingine. Kurasa zikitundikwa ukutani na kuunganishwa kwa uzi, tovuti ya darasa imekamilika.

Tahadhari

Darasani mna watoto wa dini mbalimbali. Tuige mpango wa kurasa hizo, tusinakili maneno matakatifu kwa mchezo.

Tathmini

Tumwite mtoto wa kikundi kingine, tumwulize: Ukurasa unaanzia wapi? Jambo kuu ni lipi? Baada ya hapa utakwenda wapi? Akipotea, tusimlaumu, wachoraji waurekebishe ukurasa wao. Kisha nasi walimu tuugeukie ubao wetu, tujiulize maswali hayo hayo matatu.