Mwanafunzi wa karate aanze kwa kuanguka

Kila muhula unapoanza, mwalimu aliyekabidhiwa ulezi wa vyama vya wanafunzi hukutana na ombi lile lile: vijana wanataka karate. Wengine husema taekwondo, wengine judo, na wapo wasemao kung fu, jina walilolirithi kwa baba zao waliokuwa wakijazana katika kumbi za video kumtazama Bruce Lee. Ukiwauliza sababu ya kuchagua mchezo huu na kuuacha ule, jawabu huwa moja, kwamba huu una nguvu zaidi. Mwalimu mkuu naye hulikataa ombi kwa hoja fupi kwamba shuleni hakufundishwi kupigana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimepotoka, na chanzo cha upotofu huo ni kutoyasikiliza vyema majina yanayotajwa.

Hebu tulitazame jina karate. Neno hili lina sehemu mbili, kara na te. Te ni mkono. Kara, kwa jinsi ilivyokuwa ikiandikwa zamani kisiwani Okinawa, ilimaanisha Uchina, na kwa hiyo karate ilikuwa 'mkono wa Kichina'. Lakini katika Kijapani ipo kara nyingine, itamkwayo vivyo hivyo ila huandikwa kwa herufi tofauti, yenye maana ya utupu. Katika miaka ya 1930 Gichin Funakoshi na walimu wenzake waliiacha herufi ya kwanza wakaishika ya pili, na mkono wa Kichina ukawa mkono mtupu. Badiliko hilo halisikiki katika matamshi; huonekana katika maandishi tu. Sisi nasi tunazo jozi za namna hiyo, kwani kaa la moto na kaa wa baharini hawatofautiani masikioni hata kidogo.

Kiishio do kina uzito zaidi. Judo, taekwondo na karate-do yote yanacho, nacho kina asili ya Kichina na maana yake ni njia. Jigoro Kano alipofungua shule yake mjini Tokyo mwaka 1882, mchezo aliokuwa amejifunza uliitwa jujutsu, na jutsu ni ufundi au mbinu. Kano aliondoa mbinu akaweka njia, akakusudia kwamba mwanafunzi hatafuti hila za kumwangusha jirani yake pekee, bali analelewa. Wakorea waliounda jina taekwondo mwaka 1955 walifuata mkondo huo huo: tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, na do ni njia ile ile.

Tena ni nani waliobuni majina haya? Kano alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20. Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Okinawa kabla ya kuhamia Tokyo mwaka 1922. Mwalimu wake, Anko Itosu, ndiye aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga mfululizo wa mazoezi mafupi yanayowafaa wanafunzi. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeifukuza karate getini anaifukuza kazi ya walimu wenzake.

Basi kijana achague upi? Jina la mchezo halina uzito mkubwa kama inavyodhaniwa. Judo ni ya kukamatana na kuangushana, na haifai kabisa mahali pasipo na magodoro ya kuangukia. Taekwondo hutegemea miguu, hivyo humfaa mwenye wepesi na subira ya kunyoosha viungo. Karate ina mapigo ya mikono na miguu pamoja na mazoezi ya kupangwa, na mtu aweza kuyarudia peke yake uani kwao. Anayeota medali ajue kwamba judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964, taekwondo ikaanza kutolewa medali rasmi mwaka 2000, nayo karate ilichezwa katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 kisha ikaachwa. Kenya iliwakilishwa huko Tokyo katika taekwondo na Faith Ogallo, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kuingia katika mchezo huo. Wasichana wanaoambiwa kwamba wamechelewa kuanza na wautazame mfano huo.

Nami nashangaa kwa nini kijana wa Kenya akitaja sanaa hizi hasemi ndondi wala mieleka. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, na mieleka tulikuwa nayo kabla ya meli yoyote kutuletea sinema. Pwani, hasa Lamu, wazee wangali wanaijua kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma. Pengine kosa la ndondi ni kwamba haina mkanda wa rangi.

Mikanda hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Katika miji yetu wapo watu wanaokodi ukumbi, wakabandika picha ya joka mlangoni na kumwahidi mzazi kwamba mwanawe atavaa mkanda mweusi kabla ya mwaka kwisha, mradi ada ya kila mtihani ilipwe. Mzazi angeijua maana ya neno shodan, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, asingedanganyika. Sho ni mwanzo. Mwenye mkanda mweusi, kwa lugha ya wenyewe, ndiyo kwanza anaanza, na kuufikia mwanzo huo kwa kawaida huchukua miaka kadhaa. Auzaye mwanzo kana kwamba ni mwisho si wa kukabidhiwa mtoto.

Jambo linalostahili kuchunguzwa, basi, ni mwalimu, na mwalimu hupimwa kwa somo lake la kwanza. Nenda ukakae pembeni mara mbili kabla ya kutoa hata shilingi. Usimtazame bingwa wa ukumbi, maana bingwa huenda alikuja na kipaji chake. Tazama wageni wa wiki ya kwanza. Je, wanafundishwa kuanguka? Wajapani huita kuanguka huko ukemi, neno linalobeba maana ya mwili unaopokea. Kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono hupiga godoro ili kuipunguzia mbavu kishindo. Mwalimu anayeruka somo hili ili awafurahishe vijana kwa mateke ya hewani anachezea vichwa na shingo za watoto wa watu.

Halafu tazama jinsi wanavyokoma. Katika judo anayebanwa hupiga godoro au mwili wa mwenzake kwa kiganja, mara mbili au zaidi, au hutamka maitta, yaani nimeshindwa, na hapo hapo huachiliwa. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukumbi ambamo mdogo hupiga godoro na mkubwa akaendelea kubana, huku mwalimu akicheka, ondoka humo. Shule za bweni zina waonevu wa kutosha bila kuwaongezea ujuzi.

Kuna istilahi moja inayonitia wasiwasi. Siku hizi sanaa hizi huitwa 'sanaa za kujihami', na jina hilo hutoa ahadi kubwa mno. Kijana mwenye miezi mitatu ya mazoezi akakutana na mwenye kisu usiku, jambo la busara ni kutoa simu na kukimbia, na mwalimu mwaminifu humwambia hivyo waziwazi. Mwalimu anayefundisha watoto kunyang'anya bastola kwa teke anawaandalia maafa. Ningependelea tuseme 'sanaa za mapigano', jina lisilomwahidi mtu usalama.

Shule inayotaka kuanzisha chama na iweke mwalimu wa kike au wa kiume ambaye atakuwapo ukumbini kila siku ya mazoezi, hata akiwa hajui mchezo wenyewe. Mwanafunzi mwenye pumu, kifafa au jeraha la zamani la kichwa aseme mapema, na atakayegonga kichwa apumzishwe siku hiyo, apelekwe kwa daktari, wala asirudi mpaka aruhusiwe. Sare nyeupe haina haraka. Kwa mwezi wa kwanza fulana na suruali ya mazoezi zatosha, kucha zikatwe, na pete, saa na herini zibaki bwenini.