Kuhesabu Sauti za Jeni (Makala ya Pili): Ct, Siku ya Kazi na Jeni 1,000 za Uongo

Baada ya makala ya kwanza kutoka, laborantini mmoja wa hapa Bunia alinisimamisha njiani akanilalamikia. Nimeandika, alisema, kana kwamba watu wa mji huu hawajawahi kushika data za jeni. Alisema kweli. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, siku za riposti (mapambano) dhidi ya Ebola, yeye na wenzake walikuwa wakitia sampuli katika katriji za mashine ya GeneXpert na kusoma namba iitwayo Ct. Basi leo tuanze na namba hiyo, maana nusu ya hesabu ninayotaka kuieleza imo ndani yake.

Mashine huchukua RNA ya virusi, huigeuza kuwa DNA, halafu huiongeza maradufu kila mzunguko. Ct ni idadi ya mizunguko iliyohitajika mpaka mwanga uonekane. Virusi vikiwa vingi mwanga huwahi, na Ct huwa ndogo. Sasa, mtu akiona Ct 20 na Ct 30 hudhani tofauti yake ni ndogo tu, kama ya bei mbili za sukari. Sivyo. Mizunguko 10 ni maradufu mara kumi: 2, 4, 8, 16, ukifika mwisho ni 1,024. Mgonjwa mwenye Ct 20 ana virusi vingi mara elfu moja hivi kuliko mwenye Ct 30.

Wala si hesabu ya ubaoni tu. Katika jaribio la PALM, lililolinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681 wa Ebola katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Ct ilitenganisha watu kwa ukali. Chukua mAb114, dawa iliyotokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kati ya waliopewa dawa hiyo, wenye Ct ya 22 au chini walikufa karibu 70 kwa 100. Wenye Ct ya juu zaidi, karibu 10 kwa 100. Dawa ileile, na mizunguko michache tu katikati.

Jeni za binadamu, au za muhogo, husomwa kwa lugha hiyohiyo ya maradufu. Ukilinganisha makundi mawili, jedwali la matokeo litakuandikia log2: 1 maana yake jeni imetoa RNA mara mbili, 3 ni mara nane, na -1 ni nusu. Faida yake ni kwamba kupanda maradufu na kushuka nusu vinakuwa na uzito sawa pande zote mbili za sufuri.

Katriji ya Ebola ina jambo lingine ambalo wengi walilipita bila kulitazama. Pamoja na jeni mbili za virusi, hutafuta pia jeni ya binadamu. Kwa nini, na sisi tunatafuta virusi? Kwa sababu isipoiona, huenda sampuli yenyewe haikuingia vizuri, na jibu la “hakuna Ebola” halina maana. Ni fikra hiyohiyo unayoihitaji unaposoma RNA yote ya damu kwa mashine kubwa. Sampuli moja inaweza kutoa vipande milioni 20, jirani yake milioni 40. Ukilinganisha bila kusawazisha, utaona jeni zote za jirani zimepanda, kumbe umepima maharagwe ya huyu kwa kopo dogo na ya yule kwa kopo kubwa. Programu kama DESeq2, ambayo makala yake yalitoka 2014 na isiyolipiwa, hufanya usawazishaji huo yenyewe, lakini usiiachie kazi usiyoielewa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye p, herufi inayowatisha wanafunzi wangu kuliko mtihani wa serikali. P hujibu swali dogo: kama jeni hii haina tofauti yoyote kati ya makundi mawili, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa namna hii au zaidi mara ngapi? Tumezoea kukubali ikiwa ni chini ya 5 kwa 100. Kwa jeni moja, sawa. Lakini binadamu ana jeni zinazotengeneza protini karibu 20,000. Gawa watu wazima wenye afya makundi mawili kwa kura, bila ugonjwa wowote, upime jeni zote: utapata kama 1,000 zenye p chini ya 0.05. Elfu moja, na hakuna kilichotokea! Mtu anaweza kuandika tasnifu nzima juu yake.

Mchimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu analijua jambo hili kwa mikono. Akiosha karai moja akaona kinachong'aa, anasimama na kutazama. Akiosha karai elfu ishirini, vya kung'aa vitakuwa vingi, na vingine ni mawe tu. Mwaka 1995 Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walipendekeza tuulize swali jingine: katika rundo lote ninalopeleka sokoni, sehemu gani ni ya uongo? Jibu lake huandikwa katika safu ya p iliyorekebishwa. Soma safu hiyo. Ile ya p ghafi iache. Na kumbuka kuwa hata p iliyorekebishwa haisemi ukubwa wa tofauti. Kwa hilo rudi kwenye log2.

Ila kuna kosa ambalo hakuna safu itakayolirekebisha. Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapa utafiti uliosema kwamba takriban robo ya jeni zilizopimwa zinatofautiana katika utendaji kati ya watu wenye asili ya Ulaya na wenye asili ya Asia. Habari kubwa. Mwaka huohuo watafiti wengine walifungua data zilezile, wakatazama tarehe. Sampuli nyingi za Wazungu zilikuwa zimepimwa 2003 na 2004. Za Waasia, 2005 na 2006. Mwaka wa kazi na asili ya watu vilikwenda pamoja hatua kwa hatua, na tofauti ya mashine haikuweza kutenganishwa na tofauti ya watu.

Mtego huo huku kwetu ni rahisi kuuingia. Wagonjwa wanapimwa Jumatatu umeme ukiwepo, wenye afya wanapimwa Alhamisi kwa jenereta, kwa kemikali ya boksi jipya. Dawa yake haigharimu hata faranga: changanya. Kila siku ya kazi iwe na wagonjwa na wazima.

Jingine ni kuhesabu watu, wala si vichupa. Ndivyo ilivyo hata kwa mimea: ukichuma majani matatu ya muhogo kwenye mti mmoja wa Namikonga, aina ya Tanzania inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na matatu kwenye mti mmoja wa Albert inayoshindwa haraka, huna sita. Una mti mmoja na mti mmoja. Ningependelea miti mitano kila upande, jani moja kwa mti.

Na kabla sijasahau, Excel. Kwa miaka mingi iligeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba, hata kamati ya majina ya jeni ikakubali kushindwa na 2020 ikatangaza kuiita SEPTIN2. Kompyuta zetu zimewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo tuna shida ya ziada: zinaandika 0,05 kwa mkato, na R, programu ya takwimu, inangoja nukta. Tumia read.csv2, utajiokolea usiku mzima.

Nilimwomba yule laborantini anionyeshe ukurasa mtupu wa daftari la riposti. Una safu ya tarehe, ya saa, ya namba ya katriji, na ya sahihi ya aliyepima. Juma lijalo tutauingiza ukurasa huo katika R, safu kwa safu, kabla ya kugusa jeni hata moja.