Michezo ya shamba ambayo watoto wetu wanakosa



Huku Djugu mtoto alijifunza shamba kwanza kwa kucheza. Alipewa jembe la mpini mfupi na kipande kidogo pembeni ya shamba la mama, akapanda maharagi yake. Bibi alimchokoza: "Bwana yangu, mwaka huu utanilisha nini?" Maharagi yakikauka, jamaa yote inacheka. Msimu unaofuata, mtoto anapanda mapema.

Tangu Desemba 2017, vita viliporudi katika teritware yetu, jamaa nyingi zimeishi miaka na miaka katika kambi za wahamiaji, huko Bunia, kule Rhoe na kwingine. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kufika umri wa kushika jembe, lakini kambini kipande cha kuchezea hakuna. Mkirudi kijijini, msishangae akipalilia kwa kung'oa maharagi na kuacha magugu. Hakuna aliyemwonyesha.

Turudishe hii michezo. Ule wa mashimo, majirani wetu wa Uganda wanauita omweso: mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Hakuna haja ya ubao, chimbeni tu udongoni. Mchezaji anaokota kete zote za shimo moja, kisha anaziangusha moja moja katika mashimo yanayofuata. Angalieni ule mkono: ni mkono wa kupanda. Asiyeuzoea anamwaga mbegu tano, sita pamoja. Zikiota zinagombania chakula, na mbegu ni bei. Kwa maharagi, wekeni mbegu 2 kila shimo, sentimetre 20 toka shimo mpaka shimo, 40 toka mustari mpaka mustari. Mupe mtoto kamba yenye fundo kila sentimetre 20, mwambie asiruke hata moja. Wakiwa wawili, mashindano yataanza yenyewe.

Jioni ni saa ya vitendawili. "Watoto wamelala kwa mustari, mama amewafunika shuka moja ya kijani." Jibu: ganda la maharagi. Ili alipate, mtoto lazima awe amelifungua ganda na kutazama ndani. Tungeni vyenu, vya muhogo, vya mahindi, vya ng'ombe. Wazee wanavijua vingi kuliko sisi tunaoandika hapa.

Wakubwa pia wanacheza, hata kama hawasemi hivyo. Siku ya likelemba kila mtu anashika mustari wake, na anayebaki nyuma anaimbiwa mpaka afike. Koperativi inayolima kimya kimya inachoka mapema. Waleteni watoto wakubwa siku hiyo, wakitoka masomo, wapewe mustari mfupi wa kwao.

Lakini masomo kwanza. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kazi zinazomuumiza. Akianza kukosa darasa juu ya shamba, huo si mchezo tena.

Na kete zenyewe: tumieni vijiwe. Mbegu za mfuko zilizopakwa rangi nyekundu au ya waridi zina dawa ya sumu. Zisichezewe, zisipikwe, zisipewe kuku. Mama aliyezishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kubeba mtoto, na mfuko mtupu usigeuzwe kuwa mpira.