Jeraha Dogo la Mtoto Mchanga Halitaki Dawa Nyingi

Mama anapojifungua kwa upasuaji, daktari hukata ukuta wa mfuko wa uzazi ilhali mtoto yuko nyuma yake tu. Chupa ikiwa imepasuka na uchungu umedumu, ukuta huo huwa mwembamba, na kisu kinaweza kumchanja mtoto kichwani, shavuni au, akitanguliza makalio, takoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulichunguza upasuaji wa uzazi 37,110 na kukuta watoto 272 waliokatwa ngozi, yaani kama 7 katika kila 1,000. Mingi ya mikato hiyo ni midogo na hupona vizuri. Hatari kubwa huanza nyumbani, pale kila mwenye huruma anapokuja na dawa yake.

Hospitalini, jeraha hukandamizwa kwa shashi safi mpaka damu ikome, likasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha kingo zake zikaunganishwa kwa vibandiko vyembamba au gundi maalumu ya ngozi. Nyuzi huwekwa mkato ukiwa wa kina au umeachama. Baada ya hapo kazi ya mzazi ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, kuliacha jeraha likavu na kutobandua kibandiko.

Wapo wanaosema kidonda kisichotiwa dawa kitaoza. Lakini ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba mno, na kinachopakwa juu yake huweza kupenya hadi kwenye damu. Spiriti huweza kuiunguza. Iodini ikizidi huvuruga tezi ya shingoni inayosimamia ukuaji wa ubongo. Unga wa kapsuli za antibiotiki ukinyunyizwa juu ya jeraha huweza kuficha wekundu ambao muuguzi angeuona mapema. Wengine watasema wazee walitumia majivu na watoto wakakua. Ni kweli wapo waliokua, ila pepopunda, ambayo vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, iliwaua wengi, nao hawapo kutoa ushahidi.

Kuacha kupaka si kuacha kuangalia. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka, mtoto akikataa kunyonya, akichemka au akiwa baridi kuliko kawaida, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Na wahudumu wamwambie mama kuhusu mkato huo kabla hajaruhusiwa, kwa maana aliyeelezwa vizuri hana sababu ya kutafuta dawa kwa jirani.